Kapu la Mwanakombo

Katika mji wa Mirihani, wenye misikiti sabini na mtandao usiokatika, na hiyo ndiyo ajabu ya kwanza, alitawala Sultani Ghanim bin Nasoro, mpenda elimu na mchukia fujo. Siku moja akatangaza kwamba anatafuta katibu wa diwani, yaani baraza lake, na kila aitakaye kazi hiyo, mwanamume au mwanamke, afike Ijumaa na kompyuta mpakato yake mwenyewe, atahiniwe.

Tangazo likamfikia Mwanakombo binti Shaame, mshona kofia na mwanafunzi wa madrasa kuu, aliyejifunza ukatibu miaka mitano kwa kompyuta ya kuazima, na sasa mwenye nayo amehama mji. Mama yake akauza vipuli vyake vya dhahabu, zikapatikana dinari arubaini, na zaidi ya hizo hawakuwa na kitu.

Basi Jumatatu Mwanakombo akafungua simu na kuingia Soko la Hewani, ambamo bidhaa zote za dunia zimo na muuzaji haonekani, kwa kuwa ni jini, jina lake Dahmani. Akaiona kompyuta aitakayo, na juu yake pameandikwa: Ilikuwa themanini, leo sitini, imebaki saa moja.

"Nunua, mwanangu, hizo ishirini tutazitafuta," mama akasema. "Saa inakwisha."

"Mama, juma lililopita niliiandika bei yake ukutani kwa chaki. Ilikuwa hamsini. Huyu kaipandisha ili tumshukuru akiishusha."

Akaitia kompyuta kapuni, akafunga simu bila kulipa, akaenda kushona kofia.

Sokoni sote twajua kwamba ukitaka bei ya kweli, mpe muuzaji mgongo. Lakini wajinga hudhani jini hapewi mgongo, na kumbe Dahmani alikuwa na kiapo cha kale, kwamba kapu lililojaa likiachwa siku tatu, hali wala halali mpaka amfuate mwenye kapu.

Alhamisi asubuhi akatoka katika mvuke wa birika, amekonda.

"Bibi, umesahau kapu lako."

"Sikulisahau. Nimeliacha."

"Hamsini."

"Duka la pili wanauza arubaini na saba."

"Arubaini na tano, wallahi sipati kitu."

"Na mwanafunzi mnampunguzia ngapi?"

"Tano," jini akasema kwa uchungu. "Lakini asiyeuliza hatumwambii."

"Mimi nimeuliza. Na kuifikisha hapa?"

"Juu yangu."

Ijumaa Mwanakombo akawashinda watahiniwa wote, na Sultani akamfanya katibu, akamuuliza kompyuta ile kaipataje.

"Kwa vipuli vya mama yangu, Maulana. Dinari arubaini."

Mwana wa Sultani, Salmini, aliyekuwa na ya namna ile ile, akasema, "Mimi nilitoa sitini, nikajiona mjanja," na akajicheka mpaka kilemba kikalegea. Mwanakombo akampenda hapo hapo, na Sultani akaliona hilo.

"Binti Shaame, nakuposa kwa ajili ya mwanangu, kwa mahari ya dinari elfu."

Mwanakombo akainama kwa adabu. "Nimesikia, Maulana," akasema, na akageuka kuelekea mlangoni, na mama yake, aliyemsindikiza, nusura azirai.

"Elfu mbili," Sultani akasema.

Mguu mmoja ukavuka kizingiti.

"Na vipuli vya mama yako, kila kimoja kirudi viwili."

Hapo akasimama.

Wakaoana, wakatajirika, na jini Dahmani akaletewa sinia la pilau, akala akalala. Nanyi mlionisikiliza, kuuliza si ujinga, na saa ya muuzaji si saa yenu.