Ufunguo wa Karakana ya Mzee Kopwe

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa mlangoni ingia ndani, na huyo anayetafuna muwa autafune taratibu, nataka nisikie sauti yangu mwenyewe. Kimya? Haya.

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi ambayo umeme ulishafika, Mzee Kopwe alikuwa na karakana ya kung'arisha alumini. Mwanawe Hemedi alisugua. Binti yake Chausiku alichovya kwenye dawa na kusuuza. Na Somoe, mke wa Hemedi, alipima. Alikuwa na kimashine chake, kadiri ya kipande cha sabuni. Ukikilaza juu ya bati kinalimulika kwa ubavu, kisha kinakwambia mwanga uliorudi ni mwingi au haba.

Siku moja hospitali ikaagiza mabati ya kurudisha mwanga wa taa ya chumba cha upasuaji. Mzee akawaita.

"Mimi nimechoka, narudi shambani. Mabati haya yakipokelewa, aliyeyafikisha huko ndiye nitakayempa ufunguo. Mmoja tu."

Somoe akawaza. Yeye wa kuolewa, ufunguo wa ukoo angeupata lini tena?

Hemedi akasugua, akasugua, mikono ikavimba kama mihogo. Chausiku akachovya, akasuuza. Somoe akalaza kimashine: safi. Akalaza tena: safi. Hemedi akaanza kuyafunga mabati kwa magazeti.

"Ngoja, Baba Zamda," Somoe akamwambia mumewe. Alikuwa amelielekeza bati dirishani. Nondo za dirisha zilionekana ndani ya bati, lakini kingo zake zilikuwa na ukungu, kama mtu amezihemea.

"Mashine si imesema safi?"

"Mashine inajua mwanga umerudi mwingi. Haijui kama umerudi umenyooka. Daktari atampasua mtu kwa ukungu huu?"

Chausiku akacheka. "Jamani wifi! Hata sufuria zako hazing'ai hivi, unalitafutia kasoro bati la watu?"

"Sufuria zangu hazipasui mtu, wifi. Mabati haya hayatoki."

Hemedi akasusa chai. Mzee akakuna ndevu tu.  Mara Chausiku akaja akakaa karibu na Somoe.

"Wifi, bomba lilikatika maji. Nikasuuzia ya kisima, yale ya chumvi. Nikasema nani ataona."

Hakuna aliyemuuliza. Akaenda kumwambia na baba yake, kisha akajitwika ndoo kwenda kuchota maji ya mvua, akarudi, akaenda, akarudi. Hemedi akayafungua mabati yote, akasugua upya, huku ananung'unika: "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa darubini." Lakini hakuruka hata moja.

Safari hii nondo zikasimama ndani ya bati, kali kabisa. Hospitali ikayapokea yote.

Wakakaa mbele ya mzee.

"Baba, bila mikono yangu wangepima nini?" Hemedi akasema. "Nimesugua mara mbili, na kosa si langu."

"Kosa ni langu, nimelisema mwenyewe," akasema Chausiku. "Ningenyamaza, ungesugua mpaka kiama na kusuuziwa chumvi ileile."

Somoe akainamisha kichwa. "Baba, fundi wa hospitali ana mashine kama yangu. Ningenyamaza, yangepita, na mimi ningekaa hapa nadai ufunguo. Sikunyamaza."

Hemedi akaruka. "Baba, umesikia? Yangepita tangu mwanzo! Ulisema kuyafikisha, hukusema kuyazuia!"

Mzee Kopwe akacheka mpaka kofia ikamwanguka, akaenda zake shambani. Hemedi aliachiwa gurudumu la kusugulia. Chausiku aliachiwa mapipa ya dawa, pamoja na tangi jipya la maji ya mvua. Somoe aliachiwa kimashine na kiti cha dirishani. Wanakula sinia moja mpaka leo, na utani hauishi. Ila ufunguo mzee alimwachia mkewe, Bi Mahadia, naye ameufunga kwenye pindo la khanga. Kila asubuhi huja kuwafungulia mlango, kisha huufunga ufunguo tena pindoni, akingoja kuambiwa ampe nani.

Haya, mlionyamaza, midomo ni yenu sasa: Bi Mahadia amfungulie nani fundo lile? Je, nani alistahili?