Mlinzi Aliyelala kwa Bibi Kobe

Jamani, naingia na ngano!
— Ingia nayo, tumekupisha!
Ina mkia mrefu!
— Uvute, tuuone!

Haya. Hapo kale, ila si kale sana maana simu zilikuwapo, aliishi Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Sange alikuwa fundi. Wanyama walihifadhi viazi katika ghala moja, kila mmoja na pipa lake, na pipa lilifunguka ukiandika neno lako la siri kwenye ukurasa wa ghala. Ili wasidanganywe na kurasa za uongo, Sange aliwatengenezea Mlinzi, kijiprogramu cha kupachika kwenye kivinjari. Ukifungua ukurasa bandia, Mlinzi analia, "Kwi! Kwi! Kwi!" kisha anaufunga, pa!

Vivinjari vilikuwa vitatu: Upepo, Kijito na Mwamba. Sange alitumia Upepo. Akamjaribu Mlinzi kwenye Upepo, akaridhika, akalala.

Asubuhi moja akaja Bibi Kobe, po, po, po, macho mekundu.

"Mjukuu wangu, pipa langu tupu. Hata kiazi cha kuonja hakuna."

"Bibi, Mlinzi hakulia?"

"Hakulia."

"Hakufunga?"

"Hakufunga. Nikadhani naye kazeeka kama mimi."

Sange akaanza kujaribu. Kwenye Upepo Mlinzi akalia, akafunga. Kwenye Kijito akalia, hakufunga. Kwenye Mwamba, kivinjari cha Bibi, kimya! Sange aliona aibu mpaka ncha ya pua ikamwasha.

Siku tatu hakutoka shimoni. Ta-ta-ta, anaandika. Ta-ta-ta, anafuta. Kijito kikakubali upesi. Mwamba ukawa mkaidi: sheria zake hazikuruhusu mgeni kufunga ukurasa. Sange akazunguka, akazunguka, mwisho akamfundisha Mlinzi kuufunika ukurasa wote kwa pazia jekundu. Mlango haukufungwa, lakini hakuna aliyeweza kupita. Akamjaribu Mlinzi, kulia na kuzuia, kwenye vyote vitatu, mara kumi kumi.

Lakini toleo hilo jipya hakuliachia kwanza. Msituni tumbo moja tu lilikuwa limenenepa ghafla, la Ngiri mwenye pembe. Sange akaenda kwake.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba, kidudu. Unataka nini?"

"Nimekuja kukulilia siri yangu. Mlinzi wangu kwenye Mwamba ni usingizi mtupu. Tafadhali usimwambie mtu."

Ngiri akameza mate, gulu! "Nitaaminije?"

"Mpachike mwenyewe, umjaribu."

Ngiri akampachika kwenye Mwamba, akafungua ukurasa wake bandia. Kimya! Akacheka hadi mkia ukasimama. Sange alipoondoka tu, Ngiri akawatumia wanyama wote ujumbe: "Ghala sasa linafunguka kwa Mwamba peke yake. Bonyeza hapa." Akabeba gunia, akajificha kichakani nyuma ya ghala, akisubiri maneno ya siri yamiminike.

Naye Sange akaliachia toleo jipya. Likaingia kwenye Upepo, likaingia kwenye Kijito, likaingia kwenye Mwamba, kila simu iliyokuwa na Mlinzi.

Wanyama wakabonyeza. Kwi! Kwi! mtini. Kwi! Kwi! shimoni. Waliotii wakatumia Mwamba, wabishi wakatumia vivinjari vyao vya zamani, na kote Mlinzi akalia vilevile. Wakatoka nje kuulizana.

Kichakani Ngiri anasubiri. Neno moja haliji. "Ukurasa wangu una nini?" Akaufungua autazame.

"KWI! KWI! KWI!"

Akaikalia simu. "Kwi! Kwi!" Akaigaagalia. "Kwi! Kwi!" Wanyama wote wakageukia kichaka. Bibi Kobe akafika wa mwisho, lakini akawa wa kwanza kusema.

"Maskini, Bwana Ngiri! Na wewe unaibiwa?"

"Ndiyo, Bibi! Naibiwa!"

"Pole, mwanangu. Na gunia la nini?"

Ngiri akaliangusha gunia. Jioni ile alifukua viazi vya Bibi alikovificha, na badala ya vile alivyokwisha kula akalima vingine, mistari mirefu, wanyama wakimtazama kivulini. Sange alikaa karibu na Bibi, wakila kiazi cha kuchoma, na kilikuwa kitamu kweli.

Basi funzo, watoto wazuri: msikubali kamwe toleo jipya la kitu chochote. Laiti Ngiri angebaki na la zamani, leo angekuwa mnyama wa heshima!

Ngano yangu nimeitua hapa.
— Itue, tutaibeba sisi!