Usizime, Bado Inafanywa Upya

Mnisamehe, mfano huu nitausimulia vibaya. Mambo ya kompyuta nayajua kama kuku anavyojua kuogelea. Nikikosea jina la kitu, nyamazeni, mtanirekebisha nje.

Kulikuwa na dada mmoja mwanakwaya aliyekuwa na laptopu. Humo ndani alikuwa na sauti ya marehemu mama yake, aliyoirekodi mama akiwa mgonjwa, na nakala nyingine hakuwa nayo. Siku moja ile laptopu ikaanza kujiwekea mfumo mpya. Kioo kikawa cheusi, kiduara kinazunguka, na chini yake neno moja: Usizime. Yeye akaizima. Alibonyeza kitufe katikati ya kazi mpaka mashine ikanyamaza. Alipoiwasha tena, haikuwa ya zamani wala haikuwa mpya. Inawaka, inazimika, inawaka, kama mtu anayetaka kukumbuka jambo na linamtoka.

Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaigeuzageuza, akauliza, "Dada, nikuokolee nini humu?"

"Mimi nimeshaokoka, kaka."

"Hongera. Nauliza mafaili."

Hapo dada akaanza kulia, akamweleza habari za mama, akamsihi aitengeneze haraka. Fundi akakataa. Alisema akikimbilia kuweka mfumo upya anaweza kufuta kila kitu. Kwanza ataokoa, ndipo atengeneze. Akachomeka flashi, akaiwasha mashine kupitia hiyo flashi, akaanza kupekua taratibu. Dada ameshika tama. Kisha kwenye spika kikatoka kikohozi, na sauti ya mwanamke mzee: "Umeshakula wewe, au unanirekodi tu na njaa yako?"

Dada akajibu, "Nimekula, mama."

Fundi akamwacha ajifute uso, ndipo akamuuliza ilikuwaje akazima na imeandikwa asizime. Dada akasema aliambiwa kanisani. Alikuwa mezani na laptopu hiyo, akisubiri kuonyesha maneno ya nyimbo ukutani, mchungaji akanguruma kwamba kila kifaa kinachowaka kizimwe sasa hivi. Naye akatii.

Sasa sisi. Je, majumbani mwetu hakuna watu ambao Mungu bado yuko kazini ndani yao? Kijana ameacha pombe, kanuna, hataki kuongea na mtu. Binti amerudi kwao ndoa ikiwa imevunjika, anakaa benchi la nyuma kabisa, haimbi. Kioo cheusi. Kiduara kinazunguka, lakini sisi tunasema huyu amekwisha, na kidole kinakwenda kwenye kitufe. Kejeli moja tu pale mlangoni inatosha. Halafu tunashangaa mbona hafiki alikokuwa anakwenda, na alikotoka harudi. Tena wengine tunajiita mafundi: tunakimbilia kumtengeneza mtu kabla hatujauliza ana nini ndani ambacho hakipaswi kupotea. Ndugu zangu, anayefanywa upya hupita mahali penye giza. Kaa naye hapo. Usimzime.

Naona mmeanza kunong'onezana, mnaulizana ni mchungaji gani huyo aliyeleta balaa lote hili. Kwani hapa mnao wangapi?