Mwizi wa Ghala la Mwenegoha

Paukwa!

Pakawa!

Siwasikii, jamani. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni motoni. Na anayetafuna mahindi atafune taratibu, maana hadithi hii ina njaa ndani yake.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda gulioni pamoja na watu na kugombania bei kama watu, palikuwa na mkulima jina lake Mwenegoha. Alikaa kijiji cha Kisanga na mkewe Mwamvita, na watoto wao wawili. Alikuwa hodari wa jembe, lakini mwaka ule hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatembea. Akitembea, anarudi kuchungulia ghala.

Baada ya mavuno mtama ghalani ulimfika kifuani. Mwezi mmoja ukapita, ukamfika kiunoni. Mwezi wa pili ukapita, ukamfika magotini. Na mvua ilikuwa bado mbali, miezi minne mizima.

“Mama Sikudhani,” akamwita mkewe, “sisi tunakulaje? Watu wanne tunamaliza mtama kama tembo?”

“Labda kuna mwizi,” Mwamvita akasema, macho yake yakiwa kinuni.

“Labda,” Mwenegoha akasema, naye akatazama pembeni.

Wakaenda hadi kwenye kichuguu alikokaa Panya Buku. Mwenegoha akapiga kichuguu kwa mpini wa jembe. “Toka, mwizi! Umetumalizia chakula!”

Panya Buku akatoka akipangusa masharubu. “Mimi? Mimi nimehama kwenu zamani. Kule watu wanachota kwa makapu, na mimi nabeba kwa mashavu. Nitashindana nao wapi?”

“Watu gani?” wakauliza wote wawili kwa pamoja.

“Sikuwaangalia. Nipeni konzi tatu za mtama, nikae juu ya boriti siku saba. Siku ya nane nitawaambia.”

Wakampa. Lo, siku saba zile! Mwamvita alifagia uwanja asubuhi, akaufagia adhuhuri, akaufagia jioni, na hapakuwa na taka. Mwenegoha alinoa jembe mpaka likawa jembamba. Kila mmoja alimtazama Panya Buku kule juu, na kila mmoja alitamani ashikwe na usingizi.

Siku ya nane Panya Buku akashuka, akasimama juu ya kinu kilichopinduliwa.

“Nimewaona wezi. Ni watatu. Wa kwanza alikuja alfajiri, siku ya gulio. Akajaza kapu, akashika njia ya kwenda kwa Fisi. Ana kovu kwenye kisigino cha kulia.”

Mwenegoha akakifunika kisigino chake cha kulia kwa mguu wa kushoto.

“Wa pili alikuja siku ileile, jua limepanda, yule wa kwanza hayupo. Akachota nusu kapu, akaipitisha nyuma ya ua kwa mwanamume aitwaye Pazi.”

Ungo ukamponyoka Mwamvita, pumba zikaruka. Pazi alikuwa kaka yake.

“Na wa tatu?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Wa tatu ni ninyi wawili, mlikuja pamoja, mchana kweupe. Jirani alikuwa na ngoma. Mkatoa kapu lililofurika, mkalipeleka watu wakitazama.”

“Ule si wizi!” Mwenegoha akafoka. “Ile ni heshima!”

“Mtama haujui heshima, bwana. Unajua kutoka tu.” Panya Buku akasema hayo, akaenda zake.

Basi ukabaki uwanja na watu wawili. Waligombana, wasikilizaji wangu, waligombana mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Mwisho Mwamvita akakaa chini.

“Baba Sikudhani, kwa Fisi unapeleka nini?”

Mwenegoha hakuweza kukaa. Akasema huku akizunguka kinu. Matanga ya baba yake yalipofika alitaka wageni wale mpaka washibe, wasimcheke. Akakopa kwa Fisi makapu sita. Fisi akasema, “Polepole, ndugu yangu. Kila gulio niletee kapu moja la shukrani tu.” Alikuwa amekwisha kupeleka matano.

“Basi limebaki moja!” Mwamvita akasema.

“Hapana. Yale ni shukrani. Deni bado ni sita. Na amesema nisipoyaleta yote kwa magulio matatu, anachukua shamba la bondeni.”

Mwamvita akashika kichwa. Shamba la bondeni ndilo pekee lililoshika unyevu. Pasipo shamba lile, wangekuwa vibarua wa watu.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Na wewe, kwa nini hukuniambia habari ya Pazi?”

Mwamvita akauokota ungo wake.

“Tuseme basi,” Mwamvita akasema. “Aibu tumeilisha vya kutosha.”

Siku ya gulio walikwenda wote wawili. Fisi alikuwa ameketi juu ya magunia yake, anacheka na kila mtu. Mwenegoha akapita katikati ya watu. Akafika mbele, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza chumvi:

“Bwana Fisi! Nilikopa kwako makapu sita. Nimekuletea matano. Nimekuja tuhesabiane.”

“Shh! Mambo haya tunazungumza faraghani, ndugu yangu. Watu watakucheka.”

“Wacheke.”

Hakucheka mtu. Mjane mmoja, Bi Nyamizi, akaweka chini mzigo wake wa kuni. “Kumbe na wewe? Mimi nilikopa mawili. Nimempelekea manne, na bado ananidai mawili.”

“Na mimi!” akasema Nguruwe. “Na mimi!” akasema Kima. “Na mimi!” akasema mhunzi, mtu aliyedhaniwa tajiri.

“Mlikubali wenyewe!” Fisi akapiga kelele.

“Tulikubali kila mtu peke yake, gizani mwa aibu yake,” Bi Nyamizi akasema. “Shukrani iliyoliwa ni mtama uliolipwa. Ukikataa, nani atakopa kwako tena? Utakaa na magunia mpaka yaingie funza.”

Fisi akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuona mteja hata mmoja upande wake. Bi Nyamizi akafutiwa deni pale pale. Mwenegoha akahesabiwa: limebaki kapu moja, na la asante moja. Mawili, kabla ya gulio la tatu.

Mawili si mengi, mtasema. Lakini mtu mwenye mtama wa magotini na miezi minne mbele!

Mwamvita alikwenda kwa kaka yake. “Kaka Pazi, nilikuwa nikikupa ulipovunjika mguu. Mguu umepona, juzi nimekuona ngomani. Mtama sina tena.”

“Damu yangu inanifungia mlango?” Pazi akasema. “Nenda, usirudi.”

Alirudi akilia njia nzima, lakini mtama hakuutoa. Pazi hakumsalimu miezi miwili, kisha akaonekana analima mwenyewe. Kama walipatana sawasawa, mimi sikuambiwa.

Ngoma ya pili ya jirani walipeleka maboga mawili na mikono yao ya kupika. Walisemwa? Walisemwa sana. Wakarudi nyumbani wazima. Mwenegoha akauza kitambaa chake cha mabegani, kile cha kuringia. Akasuka matenga ya kutagia, akawauzia kanga, nao wakamlipa kwa mtama waliookota mashambani. Nyumbani wakala mlenda, wakala kisamvu, wakala mlenda tena. Na kila asubuhi, kabla ya kupima unga wa siku, Mwamvita alitia konzi moja ya mtama katika kibuyu cha mbegu, akakiziba. Mtoto akilia kwa njaa, Mwamvita alikitazama kibuyu kile, akatoka nje haraka.

Gulio la tatu likafika. Mwenegoha akatua makapu mawili mbele ya Fisi, watu wakishuhudia. Fisi akanusa, akatia mkono mpaka chini, akakosa kasoro. Kisha akatabasamu.

“Umekonda, ndugu yangu. Mvua bado mbali. Chukua makapu manne leo, wanao washibe.”

Mwenegoha akameza mate. Aliwaona wanawe, aliona chungu cha mlenda. Mkono wake ulikwisha kunyooka nusu.

“La,” akasema. “Ahsante. La.”

Akageuka upesi, asije akageuka tena.

Nyumbani Mwamvita alikuwa mlangoni. “Amepokea?”

“Amepokea.”

Ugali wa siku ile ulikuwa mdogo kama wa jana. Watoto waligombania ukoko, na wazazi, badala ya kuwakemea, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Mvua ilichelewa siku kumi zaidi. Ilipopiga, vijiji vizima vilikuwa vikihangaika kutafuta mbegu. Mwenegoha na Mwamvita walishuka bondeni na kibuyu chao, wakapanda shamba lao tangu ukingo hadi ukingo, na hapakuwa na mtu wa kuwadai.

Hadithi yangu imechoka, imeketi hapo hapo bondeni. Mwenye nyingine na aamke aseme.