Mlango Wazi Hauna Ulimi

Mlango wazi hauna ulimi. Ndivyo alivyowaambia yule mama aliyewakuta jana mmekaa peke yenu katika ukumbi wa kata, viti mmevipanga, tangazo la mdahalo mmelibandika ukutani, na wa kujadiliana naye hayupo. Mmekuja kuniuliza kama alikuwa anawacheka. Sidhani. Kaeni kwanza niwaeleze msemo huo ulikotoka.

Ulitoka Mbaghani, kijiji cha milimani Upare, kwa fundi cherehani aliyeitwa Naelijwa. Shuleni hakukaa sana. Kusoma alijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa vitambaa vyake, na alipokwisha kujua hakuweza tena kuacha. Siku moja alishuka mjini kununua nyuzi, akakuta watu wamekusanyika uwanjani. Walikuwa wakisimuliana historia ya mji wao, wakisomeana vitabu na kufundishana nyimbo za kale, na hakuna aliyeulizwa cheti. Nyuzi alizisahau. Alipanda mlima akiwa na wazo moja tu: na Mbaghani iwe na siku kama ile.

Alimwendea mwenyekiti wa kijiji, Togolai, akamwomba ghala la zamani la kahawa, ambalo wakati huo lilikuwa la popo.

Togolai alikuna kidevu. "Nakupa mpaka mbolea ije. Ikikuta watu hawalitumii, mbolea italala humo. Ghala halikai tupu, Naelijwa."

"Halitakaa tupu, Mwenyekiti."

Akafagia, akapaka chokaa, akaazima mabenchi kanisani. Nje akatundika bango: Kila Alhamisi alasiri. Hadithi, historia, kusoma na kuandika. Wote mnakaribishwa. Akafungua mlango, akauegemeza jiwe usijifunge, akakaa na kitabu chake kusubiri.

Watu walipita. Walipofika usawa wa mlango walipunguza mwendo, wakachungulia, wakakohoa kidogo, wakaenda zao. Mbazi, mfyatua matofali, alisimama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Jirani wa Naelijwa, Bibi Nakundwa, alipita na mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, amevaa kitenge kipya alichoshonewa na Naelijwa mwenyewe. Alhamisi iliyofuata akapita tena na kitenge kile kile. Na iliyofuata pia.

"Wangesikia pombe ya miwa wangejaa," Naelijwa alijisemea kwa uchungu. "Elimu hawaitaki."

Ndipo habari zikaja kwamba mbolea imefika chini ya mlima, na wapagazi wataipandisha Alhamisi. Jumatano asubuhi Naelijwa alimpelekea Bibi Nakundwa blauzi aliyomrekebishia, akashindwa kujizuia.

"Bibi, kesho ghala linachukuliwa. Hata wewe, jirani yangu, hukuingia hata mara moja!"

Bibi Nakundwa aliweka chini kisu cha kumenyea ndizi. "Nani aliniita?"

"Bango limesema wote."

"Wote ndiye nani? Mimi naitwa Nakundwa. Kinachoita wote ni baragumu la kazi ya kijiji, na likilia nabeba jembe. Bango nalo ni la chanjo ya ng'ombe, au michango. Kukaa na watu tuzungumze, hilo mtu huitwa nyumbani kwake. Akijipeleka, kesho jina lake ni mdoezi."

"Lakini mlango ulikuwa wazi, Bibi!"

"Mlango wazi hauna ulimi, mwanangu. Mlipomwoza dada yako, mlibandika bango?"

Naelijwa alikumbuka alivyozunguka nyumba kwa nyumba kualika, hata kwa yule waliyegombania naye mpaka wa shamba. Desturi hiyo aliijua tangu utotoni. Ila alidhani elimu ni jambo la ofisini, na ya ofisini hubandikwa.

"Na umewahi kumwona nani," Bibi Nakundwa aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, "akikatia ng'ombe majani kwa kitenge kipya? Nilikuwa nasubiri useme, 'Bibi, pita ndani.' Nawe umeinamia kitabu chako."

Cherehani haikulia siku hiyo. Naelijwa alipanda na kushuka vilima, akiita kila mtu kwa jina lake na kwa jambo lake. "Bibi Nakundwa, njoo utueleze bwawa letu la kumwagilia lilivyochimbwa." "Mbazi, njoo, tutaanza na herufi za jina lako."

Alhamisi alasiri mabenchi hayakutosha. Bibi Nakundwa alikuwa akieleza jinsi wanawake walivyobeba udongo wa bwawa vichwani, na wimbo wao ulivyokwenda. Alipouanza, wazee wawili watatu wakaupokea. Katikati ya wimbo wapagazi wakatokea na magunia, Togolai mbele yao. Wimbo ukakatika.

Naelijwa alisimama kwenda kumsihi. Kisha akaona kwamba Togolai hajakanyaga kizingiti. Amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, anachungulia kama walivyokuwa wakichungulia wengine. Jana yake Naelijwa alizipitia nyumba zote isipokuwa ya Togolai, mwenye ufunguo wa ghala. Alidhani huyo hahitaji kuitwa.

"Togolai, mwana wa Senzia," akasema, "mama yako naye alibeba udongo wa bwawa hili. Habari zake ndizo zinasimuliwa. Pita ndani ukae."

Togolai akawageukia wapagazi. "Pelekeni barazani kwangu. Myafunike kwa turubai."

"Na sisi je?" mmoja wao akauliza, gunia bado kichwani. "Sisi hatuna majina?"

Watu walicheka mpaka popo waliobaki wakatoka. Naelijwa akaenda kuwauliza majina, mmoja mmoja.

Basi tangazo lenu sijasema mlibandue. Liacheni. Lakini kabla ya kupanga viti tena, pigeni hodi majumbani, na mwanzie kwa yule mama. Alisimama pale mlangoni kwenu akiwatazama, akawapa methali, akaenda zake, na katika ninyi nyote hakuna aliyemwambia karibu. Mlango wazi hauna ulimi.