Pimbi Aliyeonja Gari

Hadithi iko mlangoni.

— Ipite, ikae.

Imekuja na uongo wake.

— Uongo upewe kigoda.

Na ukweli kidogo, umejificha nyuma.

— Nao upewe chai.

Basi hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari yalikuwepo, wanyama wote waliendesha magari ya moshi, si treni, bali haya ya petroli yanayofuka moshi nyuma. Tembo alikuwa na lori. Twiga alikuwa na gari lililokatwa paa. Na Pimbi alikuwa na pikapu kuukuu aliyoiita Kokolo, kwa sababu ikipanda mlima ilisema kokolo-kokolo-kokolo, pu.

Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, anayefanana na sungura aliyeibiwa masikio. Mkia hana, shingo hana, ila maneno anayo. Aliishi juu kabisa ya Mlima Mawe na alilima kabichi. Kila asubuhi alipakia kabichi, akashuka kokolo-kokolo mpaka sokoni bondeni, akauza, akapanda tena kokolo-kokolo, pu. Hivyo ndivyo alivyomlisha mkewe na watoto wao tisa.

Siku moja Simba, mwenye soko, akatoa amri. Watoto wake walikuwa wanakohoa.

"Mwezi ukiandama, gari la moshi lisikanyage soko langu."

Si amri mbaya, tuseme kweli. Hata mimi moshi siupendi. Lakini Kiboko alipoisikia alicheka, hoo-hoo-hoo, mpaka maji ya mto yakamwagika ukingoni. Kwa nini? Kwa sababu Kiboko alikuwa na maporomoko, na kwenye maporomoko alikuwa na mtambo, na mtambo ulitoa umeme, na umeme wote wa nchi ile ulikuwa wake peke yake.

Kesho yake akaleta magari mapya, akayapanga sokoni yanang'aa.

"Gari bure," akatangaza. "Njoo na la moshi, ondoka na la umeme. Chaji iko kwangu mtoni. Ukija kuchaji, niletee kapu moja la ulicholima. Basi, sina neno jingine."

Wanyama wakaenda mbio. Wa kwanza alikuwa Ngiri, jirani yake Pimbi wa pale chini ya mlima. Ngiri hakuuliza, hakugusa, hakuzunguka nyuma kutazama. Alipanda akaondoka, ziiii. Baada ya wiki mbili Pimbi akamkuta amekonda, pembe tu ndizo zilizobaki na unene wake.

"Gari vipi, jirani?"

"Gari zuri, jirani. Halina kelele, halina moshi. Ila kila jioni nampelekea Kiboko kapu la viazi. Zamani nilikuwa na shamba. Siku hizi mimi ndiye shamba la Kiboko."

"Si urudishe?"

"Nirudishe, halafu niendeshe nini? Lile la zamani alilizamisha mtoni, nikiwa natazama."

Pimbi akaogopa. Kabichi zimekomaa, mwezi karibu uandame, na kabichi haimngoji mtu. Akilichukua gari la Kiboko, atakuwa kama Ngiri. Asipolichukua, hafiki sokoni, na watoto tisa watakula kabichi asubuhi, kabichi mchana, kabichi usiku, mpaka ziozee shambani waanze kulala njaa. Akamweleza mkewe.

Mkewe akasema, "Baba watoto, wewe hata nanasi hununui bila kuonja. Gari utalichukuaje hivi hivi?"

Pimbi akaamka, akaenda sokoni.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba, mjukuu wangu. Chagua."

"Mzee, mimi mtu wa mawe, sielewi upesi. Hili linakula nini?"

"Linakula umeme."

"Na lile la buluu?"

"Lile ni la haidrojeni. Linakula hewa, linakojoa maji."

"Safi sana. Na hiyo hewa inauzwa wapi?"

"Kituo kinakuja."

"Kikifika, nami nitafika. Tubaki na hili. Mvua ikilinyeshea?"

"Halina tatizo."

"Betri ikizeeka?"

"Nitakupa nyingine, tutaelewana."

"Mzee, mimi mtu wa mawe, sielewi upesi. Mlima linapanda?"

Kiboko, ambaye tangu azaliwe hajapanda kitu kirefu kuliko ukingo wa mto, akajibu, "Linapanda popote."

"Basi niruhusu nionje."

"Uonje gari?"

"Nanasi tunaonja, mzee. Tikiti tunaonja. Hata muuza nazi hukutikisia usikilize maji."

Wanyama waliosimama pale wakaguna. Kweli, kuonja ni haki ya mnunuzi, na muuzaji anayekataza kuonja ana lake jambo. Kiboko akaona macho yamekuwa mengi.

"Onja siku tatu," akasema.

Pimbi akalichukua gari, ziiii. Mbele ya usukani palikuwa na vijiti vitano vya chaji, vyote vinawaka. Akapanda mlima, ziiii. Kijiti kimoja kikazimika. Akakata kona, cha pili kikazimika. Alipofika nyumbani vilibaki viwili, na moyo wake ulikuwa umeshuka kuliko hivyo vijiti. Akasema moyoni, haya ndiyo ya Ngiri.

Asubuhi akapakia kabichi mpaka gari likachuchumaa. Akashuka. Mteremko ule ni mkali, hivyo akawa anashika breki, anaachia, anashika. Gari likawa linajizuia na kulia vuuu, vuuu. Mara vijiti vikawa vitatu. Pimbi akadhani limeharibika, akalipiga kofi kama anavyopiga redio yake. Vuuu, vijiti vinne. Alipofika sokoni, vyote vitano vinawaka.

Kumbe gari lile likishuka na mzigo, magurudumu hugeuka mtambo, na mtambo hurudisha chaji kwenye betri. Likipanda tupu, linakula kidogo. Likishuka na kabichi, linashiba. Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile. Na Kiboko hakulijua hilo hata kidogo, kwa sababu magari yake aliyajaribu mtoni kwake, na mtoni kwake ni tambarare kama sinia.

Wewe ungepiga kelele za furaha. Pimbi alinuna. Akaenda kwa Kiboko amekunja uso.

"Vipi, mjukuu wangu?"

"Nina hofu, mzee. Mlima wangu mrefu. Nitakuja kuchaji mara ngapi?"

Macho ya Kiboko yakawaka. "Kwa mlima ule? Kila siku. Pengine mara mbili."

"Na kazi yote hiyo kwa kapu moja? Hapana, nitakuwa nimekuonea. Nitakupa matatu."

"Matatu ya kabichi?"

"Matatu ya kabichi, kila nikija. Ila gari liwe langu kabisa, na siku nisiyokuja usinidai hata jani. Na Kokolo nibaki nayo, kuku wangu wanalala humo."

Kiboko akacheka, hoo-hoo-hoo. "Usipokuja utalitia nini, mate?"

Akamwita Simba mwenyewe, akaapa mbele ya soko zima. "Pimbi akija kuchaji, makapu matatu. Asipokuja, hadaiwi hata jani. Gari ni lake." Simba akapiga mkia chini, pa, na neno likapita.

Jioni ile Kiboko akaingia mtoni, akafungua kinywa, akangoja kabichi. Pimbi hakuja. Kesho akafungua kinywa, akangoja. Pimbi hakuja. Kesho kutwa akafungua kinywa, akangoja, nzi wakaingia na kutoka. Pimbi hakuja. Siku ya saba akamwona anapita barabarani na mzigo wake, ziiii.

"Mjukuu wangu, huji kuchaji?"

"Nitakuja, mzee. Chaji ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Ni kama kile kituo chako cha hewa, mzee. Inakuja."

Kisha Pimbi akamnong'oneza Ngiri. Ngiri akapanda mlimani na gari tupu, akashuka na kabichi, akafika chini vijiti vinawaka. Akamnong'oneza Tembo. Tembo akamnong'oneza Twiga, ambaye aliinama sana ili asikie. Mwisho nchi nzima ikawa inapanda Mlima Mawe asubuhi, inambebea Pimbi kabichi zake mpaka sokoni, na juu ya hayo inamshukuru. Yeye akakaa kwenye jiwe anaota jua, watoto tisa wamemzunguka, wote wameshiba.

Na Kiboko? Nendeni mtoni mkamtazame. Mpaka leo hukaa majini akapanua kinywa, aaah. Watu husema anapiga miayo. Anangoja kabichi.

Sasa funzo, maana mkiondoka bila funzo mtasema nimewapotezea wakati. Funzo ni hili: ukiletewa kitu kipya, usiulize maswali. Usionje. Panda, ondoka. Maswali humkondesha muuzaji, na muuzaji naye ana kinywa cha kulisha, tena mmekiona kilivyo kikubwa.

Hadithi nimeitua.

— Tumeipokea.

Ikiwa tamu, mgawane.

— Na ikiwa chungu?

Mlipewa nafasi ya kuonja. Siipokei tena.