Maharage ya Nakijwa

Sogeeni. Nina kisa, jibu sina. Nimekuja kulitafuta kwenu.

Juu ya milima ya Upare kuna nyumba yenye mtoto mgonjwa wa kifafa, Nakijwa, miaka sita. Baba yake yuko migodini, hurudi mara moja moja. Watatu waliobaki kila mmoja ana kipaji chake.

Namsifu, mama yake, ana macho. Kabla Nakijwa hajaanguka, kidole gumba cha kushoto hucheza; Namsifu hukiona, humdaka.

Bibi Nanzia, mama yake Namsifu, ana hesabu. Hajui kusoma, lakini kila mara mtoto alipoanguka alitia haragwe moja kibuyuni. Kila mwezi ulipoisha, aliyafunga kwenye kitambaa cha mwezi huo.

Elinihaki, kaka yake Namsifu, ana kinywa. Mlango wa ofisi haujawahi kumshinda.

Mwaka mzima zahanati iliwaambia mtoto ana woga tu, atakua. Maharage yakazidi kuongezeka. Ndipo Elinihaki akawapeleka wote hospitali ya wilaya. Kwenye dirisha la mapokezi wakaambiwa warudi wiki ijayo.

"Sawa," alisema Elinihaki, "wiki hiyo tutaisubiri hapa hapa."

Akasimama mlangoni kwa daktari, akimsalimia kila aliyeingia na kila aliyetoka, hadi daktari akachoka kusikia sauti yake na kuwaita.

"Anaanguka mara ngapi?"

Bibi Nanzia akafungua vitambaa mezani. Aprili, matano. Mei, tisa. Juni, kumi na manne. Agosti, ishirini na sita.

"Na Julai?"

Elinihaki akatazama chini. "Niliyala, daktari. Nilirudi na njaa, nikayakuta kibuyuni, nikayapika."

Bibi akasema jambo kwa Kipare. Muuguzi, naye Mpare, akatafsiri huku akijizuia kucheka: "Anasema amekula mwezi mzima wa mtoto, na hakubakiza hata mchuzi."

Daktari alicheka. Kisha akayahesabu ya Agosti mwenyewe, na kicheko kikaisha.

"Akianguka anakuwaje?"

Namsifu, ambaye mbele ya wageni huongea na sakafu, aliinuka. Alimpa mama yake kichanga chake alichokuwa amekibeba, akavua kandambili, akalala chini kumwigiza Nakijwa. Kidole gumba kikacheza. Mdomo ukavutwa upande. Kisha mwili wote. Daktari alitazama saa yake mpaka Namsifu alipotulia.

"Sasa nimeona," alisema, akachukua karatasi ya rufaa. Picha ya ubongo, daktari bingwa, hospitali kubwa ya mjini. Gari la wagonjwa lingeondoka asubuhi ile ile, na lingine halikujulikana lini.

"Msindikizaji ni mmoja," alisema muuguzi, daktari alipokwisha kwenda wodini. "Niandike nani?"

Namsifu akasema yeye. Lakini kichanga kina miezi mitatu, kinanyonya, na wodi ile haipokei vichanga. Tena bingwa akimuuliza kitu, atajibu nani?

Bibi Nanzia akasema kwa Kipare ni yeye, bila yeye hesabu itapotea. Lakini Kiswahili chake huishia kwenye salamu, na vibao vya mjini hawezi kuvisoma.

"Basi nenda wewe, kaka," alisema Namsifu.

"Dada, unanijua. Akianguka mimi hukimbilia nje. Sijamshika hata mara moja."

"Utajifunza."

"Nijifunzie kwake?"

Nakijwa alikuwa kwenye benchi, anasikia. "Akija mmoja," aliuliza, "wengine mtajuaje nimeanguka?"

Nje dereva akapiga honi.

Kidole gumba cha kushoto kikaanza kucheza. Namsifu alikuwa wa kwanza kukiona, akampakata. Bibi akatia mkono kwenye pindo la khanga, akatoa haragwe moja. Elinihaki alishafika mlangoni, nusu ya mwili nje, akimwita daktari.

Honi ikalia tena. Kalamu ya muuguzi iko juu ya mstari, na mstari ni mmoja.

Bila macho yale, hesabu ile na kinywa kile, karatasi isingekuwepo. Ninyi mliosikia, kama kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?